Maswali ya Wasomaji: Sanaa Inayosubiri Useme

Katika toleo lililopita tuligusia sanaa shirikishi ya vyombo vya mawasiliano, yaani ile ambayo malighafi yake ni simu, redio, runinga na intaneti, na ambayo haikamiliki mpaka aliyekuja kuitazama aseme neno, apige simu, asogee au aguse kitu. Barua zilizotufikia kutoka Nakuru, Kisumu na magharibi mwa nchi zinaonyesha kwamba kazi za aina hii zimekwisha kuanza kufanywa huku kwetu, mara nyingi na vijana wasiojua kwamba wana watangulizi. Kwa sababu hiyo nimejibu kwa urefu pale ambapo jambo lenyewe linadai urefu, na kwa ufupi kwingineko.

SWALI: Mwalimu, natumai u buheri wa afya. Ninasomea sanaa katika chuo kimoja karibu na Kisumu. Kwa mradi wangu wa muhula nilitundika kitambaa cheupe ukumbini, nikabandika nambari ya simu mlangoni, na kila arafa iliyotumwa kwa nambari hiyo ilitokea kitambaani kwa maandishi makubwa, kisha ikafifia polepole. Wanafunzi walisimama pale hadi usiku wakijibizana. Mhadhiri wangu aliniambia kwamba sikuchora, sikuchonga wala sikufinyanga, kwa hiyo hana kitu cha kutuza alama. Je, nilichofanya si sanaa?
*Mwanafunzi, Kisumu*

JIBU: Mwanangu, ulichofanya ni sanaa, tena ni sanaa yenye ukoo. Mwaka 1963, katika mji wa Wuppertal nchini Ujerumani, msanii Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul, alifungua maonyesho yaliyojaa runinga alizozichokonoa ndani ili zisitii vituo vya utangazaji. Mojawapo iliunganishwa na maikrofoni: mgeni alipotoa sauti, sauti hiyo iligeuka madoa na mistari ya mwanga kwenye kioo. Mahali pengine katika maonyesho hayo alibandika ukutani vipande vya tepu za sauti, na mgeni akashika mkononi kile kichwa cha kusomea tepu, akakipitisha juu yake kwa mwendo alioutaka na kwa njia aliyoichagua mwenyewe. Runinga na tepu zilikuwa vyombo vya kusema na watu bila kuwasikiliza. Paik alivilazimisha visikilize.

Jamaa wa karibu zaidi wa kitambaa chako yuko Japani. Mnamo Novemba 2003, katika mji wa Yamaguchi, Rafael Lozano-Hemmer, msanii aliyezaliwa Mexico City na anayeishi Kanada, aliweka taa 20 za kumulika angani. Mtu alituma ujumbe kwa simu ya mkononi au kwa intaneti, nao ujumbe huo ukageuzwa kuwa mfuatano wa mwako wa taa, zikiwaka na kufifia kwa mpangilio uliotokana na herufi zake. Ujumbe uliendelea kuzunguka angani hivyo hivyo, bila kusomeka, mpaka mtu mwingine alipoudaka kwa simu yake. Wakazi wa mji walijua kwamba juu ya paa zao kuna maneno ya watu yanayopita, ila hawakujua ni maneno gani. Zingatia kwamba hakuna herufi hata moja ambayo msanii mwenyewe aliiandika.

Hata hivyo, mhadhiri wako ana haki ya kuuliza mkono wako uko wapi, na ni juu yako kumwonyesha. Mkono wako uko katika maamuzi. Kwa nini ujumbe ulikaa kitambaani kwa muda ule na si zaidi? Nambari ya mtumaji ilionekana au ulificha? Arafa mbili zikiingia kwa pamoja, moja ilingoja, zilipandana, au zilisimama ubavu kwa ubavu kana kwamba zinazungumza? Kila jibu la maswali haya hubadilisha namna watu wanavyoandika. Ukiweka nambari wazi, utapata maneno ya adabu na ya kujionyesha. Ukificha, utapata siri, mapenzi, na pia matusi. Ujumbe ukifutika upesi, watu huandika kama wanaoongea, lakini ukidumu huandika kama wanaochora ukutani. Barua yako inanieleza kwamba watu walikaa hadi usiku, jambo ambalo ni jema sana, lakini hainielezi walisema nini wala mazungumzo yalibadilika vipi tangu ujumbe wa kwanza hadi wa mwisho. Kayaandike hayo, uambatanishe michoro ya ukumbi na msimbo wa programu yako, umrudie mhadhiri. Atakuwa na kitu cha kutuza alama.

SWALI: Ndugu Mwalimu, sisi ni kikundi cha vijana wa Nakuru. Tunataka kuweka skrini kubwa mjini kwetu na nyingine Kisumu, ili mpita njia wa huku aonane na kuzungumza na mpita njia wa kule bila kulipa chochote. Wapo wanaotuambia kwamba hilo si jambo jipya, maana kila mwenye simu janja hupiga simu za video. Wapo wanaohofia matusi na siasa. Tuanzie wapi?
*Katibu wa kikundi, Nakuru*

JIBU: Ndugu Katibu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, na nitaijibu bila haraka.

Wazo lenu lilifanywa kwa namna ambayo hadi leo inatumiwa kama kipimo. Mnamo Novemba 1980, wasanii wawili Wamarekani, Kit Galloway na Sherrie Rabinowitz, waliunganisha kwa setilaiti kituo cha sanaa cha Lincoln Center jijini New York na duka kubwa lililoko Century City, Los Angeles. Kioo cha dirisha upande huu na kioo cha dirisha upande ule kilionyesha watu wa mji wa pili katika kimo chao halisi, kuanzia kichwani hadi miguuni, na sauti zao zikasikika. Jambo hilo lilidumu kwa jioni tatu, kwa muda wa saa mbili kila jioni. Hapakuwa na tangazo, wala bango la mfadhili, wala maelezo ya aina yoyote. Wasanii pia walikataa kuweka kioo ambacho mtu angejiona mwenyewe.

Jioni ya kwanza watu walijikwaa tu. Walisimama, wakauliza "Ninyi mko wapi?", na walipojibiwa hawakuamini, kwa sababu kati yao palikuwa na karibu kilomita 4,000. Jioni ya pili walikuja walioambiwa na wenzao. Jioni ya tatu zilikuja familia zilizokuwa zimepanga kukutana hapo, na miongoni mwao walikuwamo ndugu ambao hawakuwa wameonana kwa miaka mingi. Jioni hizo tatu zinafundisha mambo matatu tofauti kuhusu chombo kilekile kimoja, nami naona kwamba wasanii wale walifanya kazi kubwa zaidi kwa kunyamaza kuliko ambavyo wangefanya kwa kueleza.

Sasa tuchukue hoja ya wale wanaosema kwamba simu ya video inatosha. Simu ya video humpigia mtu unayemjua, tena kwa saa unayoitaka wewe, na uso wako mwenyewe umekaa pembeni ukikutazama. Mnachotaka kukifungua ni uwazi kati ya watu wasiojuana, wanaosimama kwa miguu yao hadharani na kuonekana na wengine walio karibu nao. Mzee anayeuza maji kwenye stendi ya Nakuru hana sababu yoyote ya kumpigia simu ya video msusi wa Kisumu. Mkiwasimamisha ana kwa ana, itabidi mmoja wao aanze, na namna atakavyoanza ndiyo kazi yenyewe ya sanaa.

Nakuru na Kisumu zina mengi ya kuambiana. Reli iliyopitia Nakuru ilifika ziwani mwaka 1901, ikiandamana na waya wa telegrafu, na tangu hapo watu wa miji hii wamekuwa wakihama, wakioana na kufanya biashara. Miji hii hii iliumia sana katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Wengi wetu tunakumbuka arafa za chuki zilizokuwa zikisambazwa wakati ule kutoka simu moja hadi nyingine, bila jina la aliyezianzisha. Tunakumbuka pia kwamba Januari 2008 Wakenya waliunda jukwaa la Ushahidi, ambapo raia aliweza kutuma ripoti kwa arafa au kwa intaneti, nayo ikawekwa kwenye ramani ili wengine waone ni wapi kuna hatari. Simu ya kabambe, yaani simu ndogo isiyo janja, mkononi mwa mtu mmoja ilieneza sumu, na mkononi mwa jirani yake ikaeleza barabara gani imefungwa. Kikundi chenu kisilikwepe jambo hilo. Sisemi mbandike mabango ya amani kando ya skrini. Nasema kila mmoja wenu alijue anapochagua mahali, saa na watu wa kuhudumu.

Kuhusu matusi, mna mfano wa karibuni. Mnamo Mei 2024 kiungo cha video cha moja kwa moja kilifunguliwa kati ya Dublin, Ireland, na New York, kikiwa wazi usiku na mchana. Ndani ya wiki moja kilizimwa kwa muda, kwa sababu baadhi ya watu walivua nguo mbele yake na wengine wakaonyesha kwenye simu zao picha za mashambulizi ya kigaidi yaliyoikumba New York mwaka 2001. Kiliporudishwa kilikuwa na saa maalumu za kufanya kazi, na picha ilikuwa ikitiwa ukungu mtu alipoisogelea sana kamera. Wazo lilikuwa lilelile la 1980, lakini watu wa sasa wana simu mikononi na hadhira isiyoonekana iliyo nyuma ya simu hizo. Aliyefanya utovu wa adabu pale Dublin hakuwa akisema na mtu wa New York. Alikuwa akitengeneza video ya kusambaza. Nionavyo mimi, hilo ndilo adui yenu mkubwa, kuliko siasa.

Kwa hiyo nashauri mfungue kwa jioni chache, kwa muda wa saa mbili au tatu kila jioni, mkiwa na wahudumu wawili kila upande ambao kazi yao ni kusalimia, kumsaidia mwenye haya na kufunga picha inapolazimu. Msirekodi. Waambieni watu kwamba hamrekodi, na maneno hayo yawe kweli. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua data ya mtoto, na katika stendi ya matatu watoto hawakosi. Skrini isiyohifadhi chochote itawapunguzia mzigo mkubwa wa kisheria, na itawapa watu uhuru wa kusema.

Mahali nako kuna maana. Ukiweka skrini kwenye ukumbi wa hoteli, watakuja wanaokwenda hotelini. Huku Nakuru ningeanza na Nyayo Gardens au karibu na stendi, ambapo watu husubiri na wana muda. Kule Kisumu ningetafuta kibaraza cha duka kwenye Oginga Odinga Street, ambapo paa litazuia mvua, kwa kuwa mvua za jioni za ziwani huja bila kuuliza mtu. Zungumzeni mapema na serikali za kaunti zote mbili na wenye maduka ya jirani. Projekta haiwezi kushindana na jua, kwa hiyo msifungue kabla ya saa moja jioni.

Upande wa ufundi, hangaikeni na sauti kabla ya picha. Maikrofoni ikisikia spika ya upande wake, mtu wa kule atasikia mwangwi wa maneno yake mwenyewe na atanyamaza ndani ya dakika moja. Elekezeni spika kwa watu, maikrofoni ikae mbali nayo na iwe ya aina inayopokea sauti kutoka mbele tu. Jambo la pili ni macho. Kamera ikikaa juu ya skrini, kila mtu ataonekana akitazama chini kama anayeficha kitu. Toboeni tundu dogo kwenye kitambaa cha skrini katika kimo cha macho ya mtu mzima, kamera itazame kupitia hapo, na mtaona mara moja watu wakianza kutazamana. Jambo la tatu ni kuchelewa kwa sauti. Setilaiti za mawasiliano za wakati ule wa 1980 zilisimama takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, hivyo neno lilipanda na kushuka kwa karibu robo sekunde, na jibu likachukua robo nyingine. Waya wa nuru, yaani fiber, kati ya Nakuru na Kisumu, miji isiyofika kilomita 200 kati yake, ungehitaji takriban sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Ucheleweshaji mtakaouona hautokani na umbali, bali na kompyuta zinazobana picha na mizunguko ya mtandao. Punguzeni ubora wa picha mpaka mazungumzo yawe mepesi. Watu huvumilia uso wenye ukungu kidogo, lakini hawavumilii kukatizana maneno. Jaribio zuri ni hili: mtu wa huku na mtu wa kule wahesabu kwa sauti, mmoja akitaja moja, mwingine mbili, mpaka ishirini. Wakifika bila kugongana, mko tayari.

Na mwishowe, msijaze skrini nembo za wafadhili. Mkilazimika kuwashukuru, wekeni majina yao kwenye karatasi mlangoni.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, ninafundisha shule ya upili katika Kaunti ya Kakamega na kusimamia chama cha drama. Nimesoma makala yenu kwa hamu, lakini shule yetu haina intaneti ya kutegemewa, na simu ambazo wazazi wanaweza kutuazima ni kabambe zisizo na chochote ila tochi. Je, sanaa hii ni ya shule zenye uwezo pekee?
*Mwalimu wa Kiswahili, Kakamega*

JIBU: La hasha, Mwalimu. Mojawapo ya kazi maarufu za simu duniani ilitungwa kabla ya simu janja za leo kuwapo. Mnamo Septemba 2001, kwenye tamasha la Ars Electronica mjini Linz, Austria, Golan Levin na wenzake waliwasilisha muziki uliopigwa na simu za hadhira yenyewe. Watu walipoingia walisajili nambari zao, wakapokea milio mipya iliyochaguliwa na watunzi, na kila mmoja akapewa kiti maalumu katika kundi la viti 200. Baada ya hapo kompyuta za jukwaani zilizipigia simu hizo kwa mpangilio uliotungwa, hivi kwamba sauti iliweza kuanzia kona moja ya ukumbi na kutembea hadi nyingine, huku taa ikimwangaza kila mtu ambaye simu yake ilikuwa ikilia. Hakuna aliyehitaji kupokea simu.

Hapo ndipo penye faida kwako. Simu isiyopokewa haikatwi pesa, na sisi Wakenya tumeijua siri hiyo tangu zamani. Tumeflashiana, yaani kupigiana simu na kukata kabla haijapokewa, kwa miaka na tukaunda maana ndani ya kuflashi: mara moja nimefika, mara mbili nipigie, mara tatu mama anaulizia ulipo. Ni lugha nzima iliyotungwa na watu wasio na salio, na wanafunzi wako wanaijua vizuri kuliko mimi. Waulize nyumbani kwao kila idadi ina maana gani, waziandike, na utashangaa jinsi zinavyotofautiana kutoka boma hadi boma. Igizo lenye wahusika wawili wasiosema neno lolote, wanaoflashiana kutoka pande mbili za jukwaa kwa simu halisi, lina nguvu ya kutosha kuwaweka majaji wima vitini.

Jaribu pia jambo hili. Chukua kabambe, iweke katika hali ya mtetemo, uilaze katikati ya ngozi ya ngoma iliyokazwa vizuri, halafu uipigie. Mota ndogo iliyo ndani ya simu huzungusha kipande cha chuma kizito upande mmoja, mtetemo huo hupita kwenye ngozi, na tumbo la ngoma huukuza mpaka ukawa mngurumo unaosikika hadi nyuma ya darasa. Ngoma tatu zenye ukubwa tofauti zitatoa mingurumo mitatu tofauti. Wanafunzi watatu nje ya ukumbi, kila mmoja akiwa na simu, wanaweza kuzipiga ngoma hizo bila kuzigusa, na hadhira isijue ni nani anayepiga. Anza taratibu, kwa sababu simu huchelewa sekunde kadhaa kabla ya kuita, na kuchelewa huko hubadilika kulingana na mtandao. Tunga kwa kukubali kuchelewa, usipigane nako.

Ukitaka kutumia ngoma za isikuti, kwanza zungumza na wazee. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, na ina nafasi yake katika harusi, jando na matanga. Nina hakika wapo wazee watakaopenda kusikia ngoma yao ikinguruma kwa simu iliyopigwa na mjukuu aliye mbali, lakini ni wao wa kukuambia hivyo.

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Molo. Mimi ni mzee niliyetuma kadi za salamu redioni tangu nikiwa kijana. Nilikuwa nikijaza majina ya marafiki, wengine sijawahi kuwaona kwa macho, na ujumbe wa mwisho. Mjukuu wangu amenisomea makala yenu. Je, sisi wa salamu tulikuwa tukifanya nini?
*Mzee wa salamu, Molo*

JIBU: Mzee wangu, mlikuwa mkifanya kwa karatasi na wimbi la redio kile ambacho wasanii wengi wa leo wanajitahidi kukifanya kwa kompyuta. Sitasema kwamba kila mawasiliano ni sanaa, maana hapo neno lenyewe litakosa kazi. Lakini salamu zenu zilikuwa na umbo. Mlikuwa na lakabu mlizojitungia, mpangilio wa majina uliojulikana, na ujumbe wa kufungia ambao kila mtumaji mahiri alijulikana nao. Mtangazaji alisoma kadi kwa sauti yake, kwa hiyo maneno ya mtu wa Molo yalifika Bungoma kupitia kinywa cha mtu wa tatu. Aliyesalimiwa naye alijibu kwa kadi nyingine, siku kadhaa baadaye, huku wasikilizaji wote wa nchi wakishuhudia urafiki huo ukikua.

Nina ombi moja. Kama bado una kadi zozote, hata ambazo hukuzituma, usizitupe na usimwachie mtu akuchukulie bila maandishi. Nitafurahi sana ukikubali mwanafunzi wa Kisumu aliyeandika hapo juu aje kukutembelea, akurekodi ukisoma kadi hizo kwa mtindo wa watangazaji wa wakati huo. Yeye ana kitambaa kinachopokea maneno ya watu, nawe una miaka ya kujua namna ya kumsalimu mtu usiyemwona. Mkikubaliana, tuandikieni tuwaunganishe.

SWALI: Binti yangu wa kidato cha tatu amejaza chumba simu mbovu, redio za zamani na runinga moja kubwa ya kioo kilichobinuka. Anasema atatengeneza sanaa. Nahofia usalama wake, na nahofia pia riziki yake baadaye. Nifanye nini?
*Mama, Busia*

JIBU: Mama, tuanze na usalama, kwa sababu hofu yako ina msingi. Runinga ya zamani yenye kioo kinene huweza kuhifadhi umeme mkali ndani yake hata baada ya kuchomolewa, na kioo chake kina madini ya risasi. Asiifungue bila fundi wa runinga kuwa kando yake. Betri ya simu iliyofura asiitoboe wala asiiache juani, maana huweza kushika moto. Nyaya zisichomwe ili kupata shaba, kwani moshi wake ni sumu. Redio ndogo za betri kavu ni salama zaidi kuanzia.

Kuhusu riziki, sitakudanganya kwamba sanaa hii inalipa haraka. Lakini Cyrus Kabiru wa Nairobi amejulikana nje ya nchi kwa miwani anayoiunda kutokana na vitu vilivyotupwa, na anachojifunza binti yako kuhusu umeme na programu kinatafutwa hata nje ya sanaa. Akipata kompyuta, programu ya Processing ya kuandikia msimbo, iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya wasanii, haina malipo. Bodi ndogo ya kielektroniki ya Arduino, iliyobuniwa Italia mwaka 2005 kwa wanafunzi wasio wahandisi, itamwezesha kuunganisha swichi, taa na spika na kuzielekeza la kufanya. Mpe meza yenye mwanga, na umtafutie fundi mmoja mwaminifu wa simu mjini ambaye atamruhusu kukaa kibandani likizo ikifika.

SWALI: Kazi hizi hutegemea mtandao na mashine. Zikizimwa, kinabaki nini?
*Msomaji, Kisumu*

JIBU: Mara nyingi hubaki kidogo sana, na ndiyo sababu kumbukumbu ni sehemu ya kazi. Mwaka 1995 Ken Goldberg na wenzake nchini Marekani waliunda bustani ndogo halisi yenye mkono wa roboti katikati, ambayo watu wa dunia nzima waliweza kuipanda mbegu na kuimwagilia maji kupitia intaneti. Baadaye ilihamishiwa Linz, na mwaka 2004 ikafungwa. Mimea yenyewe haipo tena. Tunaijua kazi hiyo kwa sababu watu walihifadhi picha, maelezo ya mfumo na maneno ya wakulima hao wa mbali.

Fanya vivyo hivyo. Andika ulitumia simu gani, programu gani na toleo lake, na mtandao gani. Chora mahali kila kifaa kilipokaa na vipimo vyake. Waombe washiriki watatu au wanne wakusimulie kwa maneno yao kilichotokea, siku hiyohiyo, kabla hawajasahau, nao waweke sahihi ya kukubali. Tunza nakala mbili katika nyumba mbili tofauti, na moja kati yake iwe ya karatasi.